Pipa la Makopo

Msinitazame hivyo. Mimi si mtu wa mambo ya mizimu. Baba yangu alikuwa sajini, nimezaliwa kambini, nimekulia Koboko kwa watu wanaoijua dini yao, na kila aliyeniletea hadithi za wafu wanaotembea nilimwambia nenda ukale, njaa hiyo. Kwa hiyo nikisema kwamba mapipa ya taka ya nyumba yangu hapa Ediofe, mjini Arua, yalikuwa na mtu, jueni kwamba sisemi kwa raha.

Mapipa yenyewe yaliletwa mwaka juzi, manne kwa kila nyumba, yakapangwa nje kando ya barabara. Akaja pia mama mmoja wa kutufundisha, katoka mbali huko pwani, Kiswahili chake kila neno limepigwa pasi. Kijani, akasema, ni la vitu vya kuoza. Bluu ni la plastiki. Jeusi, sisi wenyewe tulilielewa, ni la kila kisicho na ndugu. Na lile jekundu lilikuwa limeandikwa kwa herufi kubwa nyeupe: MAKOPO. Tukapiga makofi, tukanywa soda, mama wa watu akaenda zake. Nani aliuliza swali? Hakuna. Sisi watu wa Arua kwenye mkutano ni wapole sana, kelele zetu tunaziweka za nyumbani.

Aliyeyapenda yale mapipa ni binti yangu Jamilah, mtoto wangu wa mwisho, mdomo wake ndio huu wangu. Alijiunga na kikundi cha usafi, akawa anapita nyumba kwa nyumba, mkono wake ndani ya taka za watu mpaka kwapani. "Mama Stella, ganda ya muhogo nafanya nini kwa bluu? Naenda kuoga?" Watu wakambatiza Jamilah Mapipa. Kwetu hakuna aliyeruhusiwa kugusa mapipa ila yeye. Sisi tulimpa taka mkononi, yeye akagawa. Na kila alipotupa kitu alifunga kifuniko, akakifungua, akakifunga tena kwa nguvu, ili kaloli, wale ndege wakubwa wenye vipara, wasije wakakiinua. Pa, pa. Mtaa mzima ulijua sauti hiyo.

Mwaka jana, kwenye mvua za Agosti, homa ilimpanda Jamilah kichwani. Hata hatukupata nafasi ya kugombana na madaktari. Tulimzika Koboko, kando ya baba yake, na mimi nikarudi Ediofe na mtoto wake mgongoni.

Mtoto anaitwa Daisy. Jina alimpa baba yake, Afedra, ambaye baada ya kutoa jina aliona kazi imekwisha, akaenda Juba, mpaka leo. Daisy alikuwa na miaka minne. Mimi ananiita Haboba, kama watoto wetu wa Koboko wanavyowaita bibi zao.

Sasa habari ya kopo. Sisi hapa kopo ni la kunywea. Chai iko kwa kopo, maji iko kwa kopo. Kile chombo cha bati cha samaki na cha maziwa ya unga tunakiita mkebe. Jamilah alikuwa na kopo lake la alumini tangu shule ya bweni, amelichora J kwa msumari ili wasichana wasiliibe. Yeye na Daisy walikunywa humo pamoja, funda langu, funda lako, huku wanacheka. Mama alipokufa, mtoto akakataa kopo jingine lolote.

Kwa watu wa marehemu mume wangu, kopo la aliyekufa linageuzwa mdomo chini juu ya kaburi, linaachwa huko. Wanasema anayelinywea anakunywa pamoja na marehemu, na watu wanaokunywa pamoja hawakawii kutembea pamoja. Nilijua. Lakini shehe alisema huo ni ushirikina, na mtoto alikuwa analia mpaka sauti inakauka, na mimi niliyetoka kumzika binti yangu sikuwa na nguvu za kumnyang'anya yatima kopo. Nikampa. Wewe ungekataa?

Mwanzo sikuona kitu. Daisy alikunywa, akaacha nusu, akaliweka kopo barazani. "Ya mama," akasema. Nikasema sawa, mtoto ana huzuni, itapita. Jioni nikaenda kuimwaga ile nusu, nikakuta kopo kavu. Ni jua, nikasema. Kesho yake mawingu mazito, kopo kavu. Ni mbuzi wa jirani, nikasema. Siku mbuzi walipofungwa kutwa nzima, sikusema kitu.

Na mtoto akaanza kupungua. Hakuwa na homa, hakuhara. Zahanati walimpima damu na kila kinachopimika, wakanirudishia mtoto na vidonge vya minyoo. Mikono yake ilibaki mifupa na bangili. Mchana kutwa alikaa barazani akiongea na kiti kitupu, akinyamaza ili ajibiwe, kisha anacheka. Siku moja nasonga ugali nikamsikia: "Ndiyo, mama. Iko mbali? Mbali sana? Basi beba mimi."

Mwiko uliniponyoka. Nilimkamata, nikamfunga mgongoni kwa nguvu, nikaendelea kupika hivyo hivyo. Nimeshazika mmoja. Huyu wa pili sikuwa tayari kumtoa, hata kwa mama yake mwenyewe.

Ndipo mapipa yakaanza. Ilikuwa adhuhuri, barabara imenyamaza kwa jua, nikasikia: pa, pa. Nikatoka mbio. Hakuna mtu, hakuna kaloli, hakuna mbwa. Kifuniko cha bluu bado kilikuwa kinatikisika. Ndani, juu ya chupa za soda, ziko ndala za Jamilah, ambazo mimi mwenyewe nilizihifadhi kwenye sanduku langu chini ya kitanda.

Nikamvaa Concy. Concy ni mke wa mwanangu Moris, na Moris ni dereva wa malori, nyumbani ni mgeni. Binti wa watu, Mkatoliki, mpole, na upole wake wakati ule ulinikera kuliko jeuri.

"Wewe! Marehemu alikukosea nini? Vitu vyake nakuuma macho?"

Akapiga magoti. "Mama, naapa kwa jina ya Bikira Maria. Mimi sijaingia kwa chumba yako."

"Kwa hiyo ndala zimetoka zenyewe?"

"Mama, ni ndala. Kazi yake kutembea."

Mpaka leo sijui kama alinitania. Nilimrushia moja, ikampata begani.

Nikaziosha ndala, nikazirudisha sandukuni. Adhuhuri nyingine: pa, pa. Leso yake iliyochanika, ndani ya jeusi. Nikaifua, nikairudisha. Mkebe wa mafuta yake ya kujipaka, ndani ya jekundu. Nikaupangusa, nikaurudisha. Kisha ikaja zamu ya kitana chake. Kitana kilikuwa ndani ya bluu, kisafi kabisa. Zile nywele zake zilizokuwa zimebaki kwenye meno yake zilikuwa zimetolewa, zimesokotwa kifundo kidogo, zimewekwa kwenye kijani pamoja na maganda ya ndizi.

Hapo nilikaa chini, pale pale vumbini. Concy hajui hata tofauti ya ganda na chupa. Katika nyumba ile mtu wa kutenganisha nywele na kitana ni mmoja tu, naye nilimwona akifukiwa.

"Jamilah," nikasema, "unatafuta nini, mama yangu?"

Nilidhani anatafuta, jamani. Nilidhani mtoto wangu hana raha, ana kiu, anapekua taka akitafuta mlango wa kurudi kwetu. Nilimlilia mpaka macho yakavimba. Majirani wakipita wananisikia naongea na mapipa, wanasalimia kwa mbali na kuongeza mwendo. Na kila alichokitia humo nilikiokota, nikakibusu, nikakiweka mahali pake.

Ikaja siku ya trekta ya taka. Mimi nilikuwa nimekwenda Manibe kwenye matanga, nimemwachia Concy mtoto. Narudi mchana, koo limekauka, naomba maji, Concy ananiletea maji kwa sufuria.

"Makopo iko wapi?"

"Yote naenda, Mama."

"Naenda wapi?"

"Na trekta. Ile mutu ya trekta nagombana mimi kila mara, nasema nyumba hii pipa nyekundu iko tupu tu, mnaficha nini. Leo mimi nasoma kwa pipa, naona kweli, iko andikwa MAKOPO. Natoa yote. Hata ile ya wageni, ya maua."

"Concy! Serikali nataka kunywa chai na makopo yangu?"

"Mimi sijui, Mama. Nafikiri labda ni ya wakimbizi."

Baadaye nikasikia nusu ya mtaa walifanya hivyo hivyo. Kumbe yule mama wa pwani, kwao kopo ndio huo mkebe wetu, na aliyekuwa anajua ni Jamilah peke yake, naye hakutuambia kwa sababu kazi aliifanya yeye. Nyumba ngapi zilikunywa chai kwa bakuli wiki ile! Ningecheka, wallahi, kama Daisy asingekuwa amesimama mlangoni ananitazama, mikono mitupu.

"Na ile ya Jamilah?" nikauliza.

"Hapana, Mama! Ile sijagusa. Mtoto iko lala nayo hapa kwa kifua. Mimi iko jikoni, nasikia pipa: pa, pa. Naenda angalia mtoto, mtoto iko, kopo hakuna. Nakimbia nje, trekta nasha beba yote, naondoka."

Sikumwamini. Nilimtukana matusi ambayo nimewaomba malaika wasiyaandike.

Daisy hakunywa jioni ile. Hakunywa asubuhi. Bakuli, kijiko, chupa, chochote nilichomletea alifunga mdomo na kugeuza uso. Midomo ikapasuka. Zahanati walimtia dripu, akapata nguvu kidogo, na mdomo umefungwa vile vile. Nesi akanivuta pembeni, akasema mama, mimi nimeona watoto wagonjwa, huyu haugui, huyu anaondoka. Nikamwambia haondoki. Nikamfuata mtu wa trekta mpaka kwake, nikamshika ukosi. Akasema vyuma vyote vya Ediofe vinapelekwa Koboko, kwa mtu anaitwa Amandu, anayeyeyusha alumini na kutengeneza sufuria. Kesho yake asubuhi nikamfunga Daisy mgongoni, alikuwa mwepesi, nikaenda.

Amandu nilimkuta nyuma ya soko la Koboko, jibaba la mtu, uso umeiva kwa moto. Ana shimo la makaa, ana gurudumu la baiskeli la kuvutia upepo, na katikati ya makaa chungu cha chuma kimejaa alumini iliyoyeyuka, inameremeta. Pembeni rundo la makopo linanifika kifuani.

"Karibu, mama," akasema. "Hebu niambie, watu ya Arua naacha kunywa chai? Kila siku naleta makopo, naleta makopo. Hata mpya! Mimi naanza kuogopa."

"Natafuta moja. Iko na J."

"Eh! Omba Mungu. Nusu nasha kuwa sufuria, naenda Kongo."

Nikapiga magoti kwenye rundo. Kabla sijashika hata moja, Daisy akateleza mgongoni mwangu. Mtoto ambaye juzi hakuweza kukaa akatembea, akazunguka rundo kwa nyuma, akaingiza mkono, akatoa kopo. Hakutafuta. Akanigeuzia nione ile J.

Akaenda kwenye pipa la maji la Amandu, akachota, akanywa. Nilisikia maji yakishuka kooni mwake. Alhamdulillahi! Nililia kwa sauti, nikamshika Amandu mkono, nikamwombea dua yeye na wajukuu wake. Nilikuwa nimeshinda. Nilifikiri hivyo, nimeshinda, tutarudi nyumbani na kopo letu, mtoto atakunywa, atanenepa.

Daisy akaishia nusu. Akaliweka kopo juu ya kigoda cha Amandu, taratibu, kama anavyoliweka barazani. "Ya mama," akasema.

Adhana ya adhuhuri ilikuwa imekwisha sasa hivi tu. Gurudumu la upepo lilikuwa limesimama. Hakuna jani lililotikisika. Nikayaona maji yakitetemeka ndani ya kopo, kisha kopo likalala ubavu, maji yakamwagika mchangani.

Daisy akalichukua, akachota tena, akaweka tena. Mara hii halikuanguka tu. Lilisukumwa. Lilitoka kwenye kigoda, likaviringika juu ya mchanga, likaenda moja kwa moja mpaka ukingo wa shimo la moto, likasimama hapo. Amandu akasema Bismillahi, akarudi nyuma ya rundo, na ukubwa wake wote ule.

Daisy akaanza kulia. "Haboba, mama nakataa. Nakataa kunywa na mimi."

Hapo ndipo akili iliponiingia, mimi ninayejisifu sina ujinga. Ndala, leso, kitana, kopo. Jamilah hakuwa anatafuta kitu. Alikuwa anatoa. Aliyewekewa maji hunywa, kiu humshinda, lakini aliona mtoto wake anamfuata, na barazani alikuwa anamwambia ni mbali, usije, ni mbali. Akaanza kujitoa nyumbani mwangu kidogo kidogo, kila kitu kwenye pipa lake, ili mtoto asipate pa kumshika. Na mimi kila alichokitoa nakiosha, nakibusu, nakirudisha. Akangoja siku pipa jekundu limejaa makopo, akalitia lile lililokuwa linammaliza mwanawe. Nami nimelifuata mpaka Koboko, nimembeba mtoto mgongoni, nimewakutanisha tena.

Nikaliokota kopo. Pembeni ya moto ule lilikuwa baridi.

"Nipe, Haboba! Yangu! Nipe!" Daisy amelishika kwa mikono yote miwili, anavuta. Sikujua mifupa ile ina nguvu hivyo.

"Amandu, vuta upepo," nikasema.

"Mama, fikiri kwanza. Ikiingia, hakuna kurudi."

"Vuta!"

Gurudumu likazunguka, makaa yakawa meupe. Nikasema, "Jamilah, nimekuelewa. Kichwa changu kigumu unakijua, ndicho ulichorithi. Nenda, mama. Huyu niachie." Nikafungua vidole vya mtoto kimoja kimoja, nikalitia chunguni.

Lilielea kidogo, limesimama, J ikinitazama. Kisha likainama, likaingia.

Daisy alipiga ukelele ambao hakuupiga hata siku ya maziko. Aliniuma mkono, kovu ninalo. Nikamkumbatia hivyo hivyo, na mimi nalia kuliko yeye, kwa sababu mara ya kwanza Mungu ndiye aliyemchukua binti yangu, na mara hii nimemtoa mwenyewe. Amandu alisimama pale hajui aweke wapi mikono yake. Tulilia mpaka sauti zikatuishia, tukabaki na kwikwi tu.

Ndipo Amandu akachota maji kwa kikombe chake cha plastiki, kimeungua ukingoni, akakiweka mchangani mbele ya Daisy, akarudi nyuma.

Daisy akakitazama kikombe. Akautazama moto. Akanitazama mimi.

"Na mama?"

"Mama ameshiba."

"Kabisa?"

"Kabisa, mjukuu wangu."

Akavuta kamasi. Nilimwomba Mungu kwa lugha zote ninazozijua. Akakinyanyua kikombe kwa mikono miwili, akanywa, anapumua kwa pua kwa nguvu, maji yanamchuruzika kifuani, akanywa mpaka nikauona mwisho wa kikombe. Akanipa.

"Ongeza," akasema.